Penseli, nukta na upande wa kushoto uliopotea

Na Daktari Wetu

JUMAMOSI moja asubuhi, mzee mmoja wa miaka 68, mwalimu mstaafu, aliletwa katika kliniki yangu na mke wa mwanawe. Hawakuja kwa jambo zito. Dawa zake za shinikizo la damu zilikuwa zimekwisha wiki tatu zilizotangulia, na mama huyo alitaka apimwe na kuandikiwa nyingine. Mzee alinisalimu vizuri, akatania kwamba madaktari wa siku hizi ni watoto wadogo, akaketi. Nilipomuuliza anaendeleaje, alijibu kwa sauti ya darasani: "Mimi ni mzima, daktari. Hawa ndio wagonjwa."

Pamoja nao alikuwa mjukuu, mvulana wa miaka tisa, ameshika daftari la hesabu. Alisubiri nimfunge babu yake kile kitambaa cha kupimia presha, kisha akasema jambo ambalo sijalisahau: "Daktari, babu siku hizi hachukui visanduku vya upande huu. Nampatia bure na hachukui."

Mama yake alimkemea anyamaze, watu wazima wanazungumza. Nikamwomba amwache. Nikalichukua lile daftari.

Kurasa zake zilijaa mchezo ambao bila shaka wewe msomaji umeucheza ulipokuwa shuleni, pengine nyuma ya daftari wakati mwalimu ameupa mgongo ukumbi. Ni ule wa kuchora nukta kwa safu, kisha wachezaji wawili wanapokezana kuziunganisha kwa mistari hadi visanduku vijae. Katika kurasa za wiki mbili za nyuma, herufi ya babu ilikuwa imetapakaa kila mahali, na kwa kweli alikuwa akimshinda mjukuu wake vibaya. Katika kurasa tatu za mwisho, herufi ya babu ilikuwa upande wa kulia peke yake. Upande wa kushoto ulikuwa wote wa mtoto. Kulikuwa hata na visanduku vyenye pande tatu tayari, vinavyosubiri mstari mmoja tu, na mzee alivipita akaenda kuchora mstari usio na faida kwingine.

Mwalimu wa miaka thelathini hasahau hesabu ya namna hiyo kwa siku moja. Presha yake ilisoma 190 kwa 110. Nilimwomba aniangalie puani, nikainua kidole upande wa kulia, akakiona. Nikainua cha kushoto peke yake, akakiona pia. Nilipoinua vyote viwili kwa pamoja, alikiona cha kulia tu. Nikampa karatasi achore uso wa saa. Alichora duara zuri, kisha akazisonga tarakimu zote 12 katika nusu ya kulia. Alipomaliza alinitazama akiwa ameridhika kabisa.

Hapo ndipo mama alipokumbuka kwamba Jumanne asubuhi mzee alijigonga bega kwenye mlango, akamwaga chai, akasema ana kizunguzungu. Walimlaza apumzike. Picha ya ubongo iliyopigwa hospitalini alasiri hiyo ilionyesha mshipa wa damu uliokuwa umeziba upande wa kulia. Kilikuwa kiharusi, na kilikuwa na umri wa siku nne.

Wiki hii basi, msomaji mpenzi, nataka tuutazame mchezo huu wa penseli na karatasi kwa makini kuliko tulivyoutazama tukiwa watoto. Tuone umepangwa vipi, unaitaka akili ifanye nini, na kwa nini ukurasa mmoja wa daftari uliweza kusema yale ambayo mgonjwa mwenyewe hakuweza kuyasema.

MCHEZO WENYEWE

Kwa ambao wameusahau, chukua karatasi uchore nukta nne kwenda chini na nne kwenda kando. Hizo ni nukta 16. Kila mchezaji kwa zamu yake huunganisha nukta mbili zilizo jirani kwa mstari mmoja, wa kulala au wa kusimama. Anayechora upande wa nne wa kisanduku hukitia herufi ya kwanza ya jina lake, kisha ni lazima achore tena. Mistari ikiisha, visanduku huhesabiwa, na mwenye vingi ndiye mshindi.

Nukta 16 zina mistari 24 na visanduku tisa. Kwa kuwa tisa haigawanyiki kwa mbili, lazima mmoja ashinde. Ukichora nukta tano kwa tano, unapata mistari 40 na visanduku 16, na hapo sare inawezekana. Ndugu wawili wanaopenda kugombana basi wapewe zile tano kwa tano.

Mchezo huu ulichapishwa mwaka wa 1889 na Mfaransa Édouard Lucas, bingwa wa hisabati, ambaye aliuita La Pipopipette na kusema kuwa ulibuniwa na wanafunzi wa zamani wa chuo cha École Polytechnique. Kisa chake kina funzo kwa ukurasa wa afya. Mwaka wa 1891, akiwa katika karamu ya mkutano wa wanasayansi, sahani ilianguka ikavunjika na kipande chake kikamkata shavuni. Jeraha hilo dogo liliingiwa na viini, ngozi ikavimba na kuwa nyekundu, na siku chache baadaye Lucas alifariki akiwa na umri wa miaka 49. Penisilini ilikuwa bado haijagunduliwa, hadi mwaka wa 1928. Leo maradhi hayo ya ngozi yanatibika. Hata hivyo, bado ninawaona watu wanaofunika jeraha chafu kwa kitambaa na kungoja wiki nzima.

UJANJA ULIOFICHWA

Ni nini hasa kinachoufanya mchezo huu udumu zaidi ya karne moja bila ubao, bila kete na bila shilingi moja?

Ulinganishe na ule mwingine wa X na O, wa vyumba tisa. Ule una njia nane tu za kushinda. Mtoto akishazijua, na mwenzake akazijua, kila mchezo huishia sare na wote wawili huuacha. Mchezo wa nukta haumalizwi kwa urahisi huo. Mwaka wa 2012 wataalamu wawili wa kompyuta huko Marekani, Joseph Barker na Richard Korf, walitoa jawabu kamili la uwanja wa visanduku vinne kwa vitano: wachezaji wawili wasiokosea hata mara moja watatoka sare. Wewe na mimi hatuko katika hatari ya kutokosea.

Siri yake iko katika kanuni mbili zinazovutana. Kanuni ya kwanza ni kwamba anayechora upande wa tatu wa kisanduku anampa mwenzake zawadi. Kwa hiyo mwanzoni kila mtu huchora kwa uoga, akiepuka upande wa tatu. Lakini mistari salama huisha. Polepole karatasi hugawanyika kuwa vijia virefu vya visanduku vilivyoshikana kama mabehewa ya treni, na anayelazimika kufungua kijia humpa mwenzake mabehewa yote.

Kanuni ya pili ni ile ya kuchora tena. Inaonekana kuwa tuzo, kumbe ni mtego. Ukishakula visanduku vyote vya kijia kimoja, bado unadaiwa mstari mmoja, na mstari huo huenda ukafungua kijia kilicho kirefu zaidi.

Chukua mfano huu. Katika uwanja wa visanduku tisa vimebaki vijia viwili tu, kimoja cha visanduku vitatu na kingine cha sita. Ni zamu ya mwenzako, naye hana mstari salama. Anafungua kile kifupi. Mchezaji mwenye tamaa atakula vyote vitatu, achore tena, afungue kile cha sita, na kushindwa sita kwa tatu. Mchezaji mwenye subira atakula kimoja tu. Kisha, badala ya kuchukua viwili vilivyobaki, atachora mstari wa nje unaovifunga viwili hivyo pamoja, vikabaki vinangoja mstari mmoja wa katikati. Mwenzake atavichukua vyote viwili kwa furaha, lakini kwa kuwa amefunga visanduku lazima achore tena, na kilichobaki ni kijia cha sita. Atakifungua. Mwenye subira atakula vyote sita na kushinda saba kwa viwili.

Mmarekani Elwyn Berlekamp, profesa wa hisabati aliyefariki mwaka wa 2019, aliandika kitabu kizima kuhusu mchezo huu, kilichotoka mwaka wa 2000. Kiini cha ufundi wenyewe ni hicho nilichokueleza: toa viwili upate sita. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mtaka yote hukosa yote.

KINACHOTENDEKA KICHWANI

Sasa nivae koti langu la udaktari. Ili ufanye kile kitendo cha kuacha visanduku viwili, ubongo wako umelazimika kufanya kazi nne.

Kwanza, macho yako yamepita juu ya karatasi yote, kushoto na kulia, juu na chini, bila kuruka mahali. Hiyo ni kazi ya kumakinika, na sehemu za ubongo zilizo juu na nyuma ya sikio huihusu sana. Pili, umezishika hesabu za vijia kadhaa akilini kwa wakati mmoja. Tatu, umejizuia. Kisanduku kilikuwa mbele yako, mkono ulikitaka, nawe ukauambia ungoje. Kazi hiyo ya breki hufanywa hasa na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ambayo huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu. Ndiyo sababu mtoto wa miaka sita hula kila kisanduku anachokiona na hawezi kuelewa kwa nini anashindwa. Si mjinga, breki zake bado zinafungwa. Nne, vidole vyako vimeshika penseli na kuunganisha nukta mbili bila kupita mpaka.

Kwa mtu mzima mwenye afya hayo yote hupita bila kufikiriwa. Lakini ubongo unapoumia, moja kati ya kazi hizo ikikatika, mchezo huharibika kwa namna yake maalumu. Anayetetemeka hukosa nukta. Asiyeweza kujizuia hula kila kitu na kukasirika. Aliyepoteza kumbukumbu husahau ni zamu ya nani. Na yule aliyepoteza upande mmoja wa dunia huacha upande mmoja wa karatasi.

UPANDE ULIOPOTEA

Hali ya mwalimu wetu hutokea mara nyingi baada ya kiharusi cha upande wa kulia wa ubongo. Mgonjwa si kipofu. Macho yake ni mazima na kila moja hufikisha picha ubongoni. Kilichokatika ni ule uangalifu unaoiambia akili kwamba kuna kitu upande ule, ushughulikie. Wataalamu wengi huamini kwamba nusu ya kulia ya ubongo huangalia pande zote mbili, ilhali nusu ya kushoto huangalia zaidi upande wa kulia. Basi nusu ya kulia ikiumia, kulia bado kuna mlinzi, lakini kushoto hakuna.

Katika nyumba mambo hayo huonekana hivi. Mgonjwa hula ugali wa upande wa kulia wa sahani, kisha analalamika kwamba amepewa chakula kidogo. Hunyoa ndevu za shavu moja. Huvaa mkono mmoja wa shati. Hujigonga kwenye mlango upande wa kushoto. Ukimwita kutoka kushoto, hukutafuta kulia. Akisoma gazeti kama hili, huanza katikati ya mstari na kusema waandishi wa siku hizi hawajui kuandika.

Jambo la hatari zaidi ni kwamba aghalabu mgonjwa mwenyewe hajui. Ubongo uliopoteza upande hauachi pengo ambalo mtu angeweza kulilalamikia. Ndiyo maana mwalimu alinijibu kwa moyo safi kwamba yeye ni mzima. Hakuwa akinidanganya. Na ndiyo maana familia zetu hukosea: huita hali hiyo ukaidi, uzee, au hata kurogwa.

Sisi madaktari tuna vipimo vyetu vya karatasi vya kuitafuta hali hii. Kimojawapo, kilichoelezwa na daktari Martin Albert mwaka wa 1973, ni karatasi yenye vistari vilivyotawanywa, mgonjwa akaambiwa avikate vyote kwa penseli. Mwenye tatizo hili huacha vya upande mmoja. Utaona, msomaji, kwamba daftari la yule mtoto lilikuwa kipimo cha namna hiyo hiyo, kilichofanywa kila jioni, na mtahini ambaye hakujua kuwa yeye ni mtahini.

Hata hivyo nisieleweke vibaya. Mchezo huu si kipimo cha kiharusi. Mtu anaweza kucheza vizuri kabisa na bado awe na kiharusi, na mwingine akacheza vibaya kwa sababu miwani yake imechakaa. Ninachosema ni kwamba mabadiliko ya ghafla ndiyo ya kuogopwa. Anayecheza nawe kila wiki anakujua kuliko daktari anayekuona mara mbili kwa mwaka.

JE, MCHEZO UNAKINGA UBONGO?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila mara na wale ambao wazazi wao wanazeeka. Jibu langu ni la tahadhari.

Mwaka wa 2003, daktari Joe Verghese na wenzake wa New York walichapisha utafiti wa watu 469 waliozidi miaka 75, ambao walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wakisoma, kucheza michezo ya ubao, kupiga ala za muziki au kucheza dansi hawakupatwa sana na maradhi ya kupotewa na akili uzeeni ikilinganishwa na wasiofanya hivyo. Habari hiyo ilipendeza wengi. Lakini fikiri vizuri: huenda ikawa mchezo uliwakinga, na huenda pia ikawa wale ambao akili zao zilikwisha kuanza kudhoofika ndio walioacha kucheza. Utafiti wa aina hiyo peke yake hauwezi kutenganisha mambo hayo mawili.

Wafanyabiashara hawakungoja jibu. Mnamo Januari 2016, kampuni moja ya Marekani iliyokuwa ikiuza michezo ya kompyuta ya kunoa ubongo ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya serikali ya huko kuishtaki kwa kuwadanganya wanunuzi. Kinachojulikana ni kwamba mtu akifanya zoezi fulani huwa hodari katika zoezi lile lile. Kuwa hodari wa visanduku hakumaanishi utakumbuka ulipoweka funguo.

Kinga iliyo wazi iko kwingine. Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa, ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya maradhi haya duniani. Miongoni mwayo ni shinikizo la damu, kisukari, uvutaji sigara, ulevi wa kupindukia, kutofanya mazoezi, uziwi usiotibiwa, macho yasiyotibiwa na upweke. Utaona kwamba mchezo wa nukta unagusa moja tu kwa uhakika, nalo ni upweke: hauchezwi na mtu mmoja. Kwangu mimi sababu hiyo inatosha kuupendekeza. Mzee aliyeketi na mjukuu kwa nusu saa kila jioni ameangaliwa kwa nusu saa kila jioni.

JINSI YA KUUCHEZA NYUMBANI

Kwa mtoto anayeanza, chora nukta tatu kwa tatu. Hizo zina visanduku vinne, na mchezo huisha kabla hajachoka. Mpandishe hadi nne kwa nne anapoanza kukwepa upande wa tatu. Usimfundishe ile hila ya kuacha viwili. Mwache ashindwe mara kadhaa, kisha muulize, "Ungeacha hivi viwili ingekuwaje?" Akigundua mwenyewe hatasahau.

Kwa mzee, chora nukta kubwa kwa kalamu nyeusi, zilizoachana sentimita mbili au zaidi. Hakikisha amevaa miwani yake na kwamba mwanga unatosha. Penseli nyembamba ikimtoka, izungushie kitambaa iwe nene.

Kwa aliyepatwa na kiharusi na kupoteza upande wa kushoto, chora mstari mnene mwekundu ukingoni kushoto mwa karatasi. Kila zamu yake inapofika, mwambie kwanza autafute mstari mwekundu kwa macho, auguse kwa kidole, ndipo aanze kutazama kuelekea kulia. Wataalamu wa kurudisha viungo hutumia mbinu hiyo hiyo katika kusoma. Wewe mwenyewe keti upande wake wa kushoto ili awe na sababu ya kugeuka. Dakika kumi na tano zinatosha. Ubongo ulioumia huchoka haraka. Akikosea usimcheke, wala usimwachie ashinde kwa huruma, kwa maana atajua. Na zoezi hili halichukui nafasi ya mtaalamu wa kunyosha viungo wala ya dawa.

SAA ZA KWANZA

Nimeliacha la muhimu mwisho makusudi, ili ulale nalo.

Kiharusi ni dharura. Mshipa mkubwa wa ubongo unapoziba, takriban seli milioni 1.9 za ubongo hufa kila dakika. Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa katika muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima picha ya kichwa ipigwe kwanza ili kuhakikisha kwamba mshipa haukupasuka. Katika hospitali zetu dawa hiyo si kila mahali. Lakini hata pasipo nayo, mgonjwa anayefika mapema na kutunzwa vizuri ana nafasi kubwa ya kupona kuliko anayefika siku ya nne.

Ujue dalili zake, zote zikija kwa ghafla:

Uso kupinda upande mmoja. Mwambie acheke.

Mkono au mguu kulegea. Mwambie ainue mikono yote miwili na kuishikilia.

Maneno kukwama au kuchanganyika. Mwambie arudie sentensi fupi.

Kuona vibaya, kupepesuka, kujigonga au kutojali upande mmoja.

Kichwa kuuma vikali kuliko kilivyowahi kuuma.

Ukiona lolote kati ya hayo, tazama saa na uandike wakati mgonjwa alipoonekana mzima kwa mara ya mwisho. Daktari atakuuliza hilo kabla ya jambo lolote. Usimpe chakula wala maji, kwa sababu huenda hawezi kumeza na yakaingia mapafuni. Usimpe aspirini nyumbani, kwani hujui kama mshipa umeziba au umepasuka. Usimlaze apumzike ungoje asubuhi. Dalili zikipotea baada ya dakika chache, mpeleke vile vile. Huo ni mlango uliobishwa hodi.

Na kabla ya yote, pima presha. Haina maumivu na haibishi hodi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa siku tofauti, kinahitaji kushughulikiwa. Ukipewa dawa, usizikatize kwa kuwa unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu unazimeza. Wiki tatu bila dawa ndizo zilizomfikisha mwalimu wetu pale alipofika, na si kwamba alikosa pesa. Aliniambia baadaye kwamba aliona haya kuendelea kumsumbua mwanawe kwa jambo ambalo halimuumi.

Sasa ni miezi minane tangu siku ile. Mwalimu anatembea bila mkongojo, ingawa mkono wake wa kushoto bado mzito na huwa anaweka kengele ndogo kwenye kiti cha kushoto mezani ili mjukuu aipige akisahau nusu ya sahani. Dawa zake humezwa mbele ya mtoto huyo kila jioni, kabla ya daftari kufunguliwa. Hilo ni sharti la mtoto mwenyewe, na mama yake hamkemei tena.

Juzi walikuja kupima presha. Ilikuwa 134 kwa 82. Nikaomba daftari. Kila ukurasa una mstari mwekundu upande wa kushoto, na karibu na mstari huo, moja moja, herufi ya babu imeanza kurudi. Katika mchezo wa mwisho alikuwa ameacha visanduku viwili vya upande wa kushoto bila kuvichukua. Nilishtuka kidogo, nikamwonyesha kwa kidole.

"Hivyo nimeviona, daktari," akasema. "Hesabu vile sita vya chini."

Nikahesabu. Vyote sita vilikuwa na herufi yake.